Boti ya mwendo kasi iliyokataa kwenda: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mombasa

Kisa kwa ufupi

Boti ya faiba ya futi 21, iliyotumika, ilinunuliwa Mombasa ikiwa na injini ya nje ya nguvu za farasi 200. Muuzaji alisema inakimbia noti 45, yaani maili 45 za baharini kwa saa. Mnunuzi alipoipima kwa GPS akapata 33. Akabadilisha propela, mwendo usibadilike. Akafunga jeki ya kunyanyulia injini, mwendo ukapanda, lakini haikupita miezi miwili tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, ikaanza kupasuka. Mwisho boti ilivuliwa injini, ikajengwa upya sehemu ya nyuma, ikapangwa hatua kwa hatua, na injini ileile ikaifikisha noti 43 na nusu.

Jina la boti, la mwenyewe na ya mafundi yameondolewa, na mahali inapolazwa pamebadilishwa. Vipimo vimeachwa kama vilivyo.

Usuli

Mwenye boti si mgeni wa bahari. Amekuwa na mashua za uvuvi zenye injini za farasi 15 na 40 kwa miaka mingi, na hapo ndipo palipojengeka mazoea yake: mashua ikiwa nzito, badilisha propela, ikiwa nyepesi, badilisha propela. Kwa mashua ya mbao inayokwenda noti 10 mazoea hayo hayana madhara. Boti ya farasi 200 inayopanda na kukimbia juu ya maji ina hesabu nyingine, kwa sababu pale kila sentimita ya mguu wa injini iliyozama bure inakula mwendo.

Boti yenyewe ina umbo la V kali, tumbo limeinuka nyuzi 22 nyuma, umbo linalofaa bahari ya nje msimu wa kusi. Iliingia nchini ikiwa imetumika, ikakaa juu ya trela uwanjani bila turubai, mvua ikijaza ndani kila masika. Injini iliyonayo sasa haikuja nayo. Ya kwanza ilikufa, ikafungwa nyingine iliyotoka kwenye boti tofauti: V6, yaani ya silinda sita, ya tu-stroki, yenye kabureta na uwiano wa gia 1.87 kwa 1 (injini huzunguka mara 1.87 propela ikizunguka mara moja), ambayo kitabu chake kinataka ifike raundi 5,000 hadi 5,500 kwa dakika ikifunguliwa mwisho.

Shina la kisa liko kwenye ubadilishaji huo. Injini za nje hutengenezwa kwa urefu tofauti wa shafti. Shafti ndefu ni inchi 20, kama sentimita 51, na ndefu zaidi ni inchi 25, sentimita 63 na nusu. Ukuta wa tezi, ule ukuta wa nyuma unaobeba injini, lazima ulingane nao. Unapimwa kwa futi kamba kuanzia juu pale injini inapokaa, ukishuka na mteremko wa ukuta mpaka kwenye mkuku, uti wa chini kabisa wa boti. Ukuta wa boti hii ulikuwa sentimita 52. Shafti ya injini ilikuwa ya inchi 25. Hakuna aliyepima.

Siku ya ununuzi injini iliwashwa nchi kavu, imevalishwa vikombe vya mpira na kuungwa mpira wa maji. Iliwaka mara moja na kutoa maji vizuri. Namba za boti na za injini zililingana na karatasi, na baadaye ukaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya ulipita bila shida: maboya ya kuvaa, kizima moto, fataki za dharura na redio vyote vilikuwapo. Ukaguzi wa aina hiyo huangalia usalama wa chombo, haumwambii mtu kama injini yake imefungwa kwenye kimo chake.

Kilichotokea

Safari ya kwanza ilikuwa asubuhi ya kaskazi, bahari shwari, watu wawili na nusu tangi. Boti ilichelewa kupanda, usukani ukawa mzito kwa mkono wa kulia, na maji yakaruka nyuma ya injini kama bomba lililopasuka. Ilipofunguliwa mwisho mita ilionyesha raundi 4,700 na GPS noti 33. Propela ilikuwa ya aluminiamu, pichi inchi 19, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza.

Fundi wa kwanza aliyeulizwa alitoa jawabu ambalo mafundi wengi wangelitoa: raundi ziko chini, weka pichi ndogo. Ikanunuliwa propela ya inchi 17. Raundi zikapanda hadi 5,200, ndani ya kitabu kabisa. Mwendo ukabaki 33. Injini ikawa inapiga kelele zaidi na kunywa mafuta zaidi kwa umbali uleule.

Hapo akaitwa fundi wa faiba, mzee ambaye mwenye boti humwita ami. Alitaka itolewe majini kwanza, akaizunguka, akachuchumaa nyuma yake.

"Ami, hii propela nayo naona si yake. Nitafutie nyengine."

"Mwanangu, propela haina kosa. Tazama kibamba hiki. Kimezama nusu shibiri chini ya mkuku."

Kibamba anachokizungumzia ni kile kipande kipana kilicholala juu ya propela, kinachozuia hewa ya juu isinyonywe na propela. Kanuni ya kuanzia ni kwamba kibamba kiwe usawa wa sehemu ya chini kabisa ya boti, kisha kipandishwe kidogo kidogo. Hapa kilikuwa sentimita 12 chini. Maana yake sentimita 12 za mguu mpana wa injini zilikuwa zinaburutwa majini kwa kasi yote, na ule mrusho wa maji nyuma ulikuwa maji yanayogonga sehemu ya mguu ambayo haikukusudiwa kuguswa na maji.

Mzee aligonga pia ukuta wa tezi kwa kitako cha nyundo na kusema sauti hampendezi. Neno hilo lilipita. Mwenye boti alilishika la kwanza tu: injini ipande. Njia ya haraka ilikuwa jeki ya injini, bamba la aluminiamu linalofungwa kati ya ukuta na injini. Aliyoipata ilikuwa imetumika, yenye kurudisha injini nyuma sentimita 15. Ikafungwa kwa siku moja, injini ikapandishwa sentimita 10, propela ya 19 ikarudishwa. Matokeo yalifurahisha: raundi 5,150, noti 38.

Msimu ukageuka. Kusi ilipoanza kuchafua bahari nje ya mwamba, boti ikawa inaruka wimbi na kutua. Siku moja baada ya kuosha, kijana anayeitunza aliona nyufa mbili nyembamba kwenye jelkoti, ile ngozi ya nje ya faiba, zinazoanzia pembe za juu za ukuta wa tezi na kushuka kimshazari. Saa kadhaa baada ya boti kupanda trela, tundu la bolti ya chini upande wa kushoto lilikuwa bado linatoa machozi ya maji ya kahawia. Kijana akasimama juu ya mguu wa injini na kuuchezesha juu na chini kwa uzito wake. Ukuta mzima ulipinda kiasi cha kuonekana kwa macho. Boti haikurudi majini.

Uchunguzi

Injini iliteremshwa kwa kapi na kuwekwa kwenye stendi. Kutoka ndani ya boti ukuta ulitobolewa matundu sita ya milimita 6, matatu juu na matatu chini, ncha ya biti ikifungwa utepe ili isipenye ngozi ya nje. Uchafu unaotoka kwenye biti ndio jibu. Mbao nzima hutoa unga mkavu, rangi ya biskuti. Matundu mawili ya juu pembeni yalitoa unga mkavu. Yale manne mengine yalitoa tope jeusi lenye harufu ya kinamasi. Aliyefunga injini ya pili alitoboa matundu mapya na kuyaacha ya zamani yakiwa yamezibwa kwa silikoni tu, na maji yalipitia hapo.

Povu lililojazwa chini ya sakafu ya nyuma nalo lilikuwa limelowa. Likikamuliwa mkononi lilitoa maji.

Kwa kuwa injini ilikuwa chini, ilipimwa kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Plagi zote sita zilitolewa, waya zake zikaunganishwa na bodi ya injini ili umeme usirudi kuunguza kisanduku cha mwako, vali za kabureta zikafunguliwa mwisho, betri ikiwa imejaa. Namba zilikuwa kati ya 106 na 110 psi (pauni kwa inchi ya mraba). Tofauti isizidi asilimia 10 kati ya silinda na silinda. Hii ilikuwa chini ya 4. Injini nzima.

Plagi lakini zilisema jambo lingine. Nne zilikuwa na rangi ya kahawia inayotakiwa, mbili za chini zilikuwa nyeupe, dalili ya silinda kupata mafuta machache mno kwa hewa inayoingia. Katika tu-stroki hilo si dogo, kwa sababu mafuta ya kulainisha huingia pamoja na petroli. Petroli ikipungua, pistoni hukosa vyote viwili. Kijana akakumbuka kwamba balbu ya kupampia mafuta ilikuwa ikinyauka boti ikikimbia. Balbu ikinyauka, kizuizi kiko kati yake na tangi. Mpira wa petroli ulikuwa na upana wa ndani wa milimita 8, wa injini ndogo, na kichwa cha tangi kilikuwa na vali iliyoganda nusu. Injini ya ukubwa huu hunywa lita 75 hivi kwa saa ikifunguliwa mwisho. Inahitaji mpira wa milimita 10 na njia wazi toka tangi.

Maamuzi na sababu zake

Swali la kwanza lilikuwa kama boti itengenezwe au iuzwe. Mihimili ya sakafu iligongwa na kutobolewa yote, ikakutwa mikavu. Lau nayo ingekuwa imeoza, ushauri ungekuwa kuachana nayo, kwa sababu kazi hiyo hula pesa kuliko bei ya boti nyingine.

Swali la pili lilikuwa jeki. Kwa kuwa ukuta unajengwa upya, kuna haja gani ya kuujenga mfupi halafu kuurefusha kwa chuma? Iliamuliwa ukuta wenyewe upandishwe hadi sentimita 63 na nusu. Faida zake tatu: injini inakaa karibu na boti, tezi inakuwa juu zaidi wimbi la nyuma linapokuja, na hakuna kifaa cha kulegea. Hasara ni kwamba kimo hubadilishwa kwa matundu ya mabano ya injini tu, hatua za milimita 19, na lazima utumie kapi. Mwenye boti hakupendezwa. Jeki ilikuwa imempa noti tano.

Ukuta ulikatwa kutoka ndani, ngozi ya nje ya faiba ikaachwa iwe kalibu ya kazi mpya. Mbao zote zilichimbwa kwa patasi hadi faiba safi, kisha zikasuguliwa kwa diski ya kukwaruza na kufutwa kwa asetoni. Kiini kipya kilikuwa plaiwudi ya baharini, tabaka tatu za milimita 12. Tabaka tatu nyembamba hulala vizuri kwenye mpindo wa ukuta kuliko mbili nene. Kila tabaka lilipakwa epoksi, gundi inayoganda baada ya kuchanganywa, pande zote na kingo zote, likagandishwa kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa silika mpaka ikawa nzito kama siagi ya karanga. Vibano vilikazwa mpaka gundi ilipochungulia pembeni, basi. Ukikaza kwa nguvu zako zote unaikamua yote nje na mbao zinashikana kwa mbao.

Joto la Mombasa lilikuwa adui wa kazi hii. Epoksi inayokupa nusu saa mahali pa baridi hukupa dakika chache tu hapa, na ukiiacha kwenye kopo inajipasha, inatoa moshi na kuganda mkononi. Ilichanganywa gramu 300 kwa mara, ikamwagwa kwenye sinia pana ili joto litawanyike, na kazi ilifanywa kuanzia alfajiri hadi saa tatu tu. Unyevu nao huacha utando wa utelezi juu ya epoksi iliyokauka. Utando huo unaoshwa kwa maji na brashi kabla ya tabaka linalofuata. Kuusugua kwa msasa bila kuosha ni kuusambaza.

Juu ya plaiwudi vililazwa vitambaa vitatu vizito vya faiba, cha kwanza kikipanda kwenye mbavu za boti sentimita 15, cha pili 20, cha tatu 25, ili mzigo usikatike kwenye mstari mmoja. Magoti mawili ya plaiwudi yalifungwa kutoka kwenye ukuta hadi kwenye mihimili. Hayakuwepo zamani.

Matundu ya bolti yalichukua subira kuliko kitu kingine. Bolti ni za nusu inchi, lakini matundu yalitobolewa milimita 20, yakajazwa epoksi yenye silika, yakaachwa yakauke, ndipo yakatobolewa tena milimita 13 katikati ya ule mjazo. Hivi bolti haigusi mbao popote, na silanti, ile gundi ya kuziba maji, ikichoka siku moja maji yatakuta epoksi. Bolti zilikuwa za chuma cha pua daraja la 316, zikifungwa na silanti ya poliyurethani, na ndani kukawekwa bamba la aluminiamu badala ya washa ndogo zinazozama.

Rangi ilikosewa. Jelkoti ya kawaida, ambayo ni poliesta, ilipulizwa moja kwa moja juu ya epoksi na baada ya siku tatu bado ilikuwa inanata. Poliesta haiaminiki juu ya epoksi. Iliparuliwa yote na kupakwa rangi ya poliyurethani ya kopo mbili.

Upande wa injini, mipira ya petroli ilibadilishwa kuwa ya milimita 10, chujio la kutenganisha maji likafungwa, kabureta zikasafishwa, impela ya pampu ya maji ikawekwa mpya. Pampu ya kuchanganyia oili ilikuwa na gia ya plastiki iliyochakaa, ikaondolewa, na sasa oili huchanganywa kwenye tangi, lita 1 kwa lita 50, oili yenye alama ya TC-W3. Ile ya pikipiki za tu-stroki iliyokuwa imetumiwa na mwenyewe wa kwanza ni ya injini zinazopozwa kwa hewa. Ndani ya injini inayopozwa kwa maji huacha masizi kwenye ringi.

Usukani wa waya ulikuwa na mchezo wa sentimita 5 kwenye gurudumu kabla mguu haujasogea. Ulibadilishwa kuwa wa haidroliki.

Upimaji

Boti ilipimwa ndani ya hori pana, mbali na njia ya feri ya Likoni na meli za Kilindini, asubuhi kabla ya upepo, maji yakiwa yamejaa na kusimama. Watu wawili, petroli lita 60, kila kipimo kwenda na kurudi kwenye mstari uleule ili mkondo usidanganye. Mita ya shinikizo la maji ya kupozea injini ilifungwa kwanza, kwa sababu injini inayopanda juu huanza kunyonya hewa badala ya maji na mtu haoni mpaka pistoni ishike. Kikomo kilichowekwa: chini ya 10 psi injini ikifunguliwa mwisho, unarudi tundu moja chini.

Tundu la kwanza, kibamba kikiwa chini kidogo ya mkuku, propela ya 19: raundi 5,300, noti 39. Tundu la pili, kibamba sawa na mkuku: raundi 5,450, noti 40. Tundu la tatu, kibamba karibu sentimita 2 juu ya mkuku: raundi 5,600, noti 41 na nusu, lakini kwenye kona propela ya aluminiamu ilianza kupoteza maji na injini kupiga ukelele, na raundi zenyewe zimeshapita kitabu.

Hapo, na si kabla, ndipo pichi ilipoguswa. Ikawekwa propela ya chuma cha pua ya inchi 21, yenye mapanga yaliyopinda zaidi na yanayouma maji vizuri karibu na uso wa bahari. Kwenye tundu lilelile la tatu: raundi 5,300, noti 43 na nusu, 14 psi, kona zinashika. Tundu la nne liliongeza nusu noti na shinikizo likaanguka hadi 8. Wakarudi la tatu.

Matokeo

Boti inapanda haraka, usukani ni mwepesi, mrusho wa maji nyuma umeisha. Kwa raundi 4,000 inatembea vizuri bila kulazimishwa, na huo ndio mwendo inaotumia karibu siku zote. Ule wa mwisho ni wa dakika chache asubuhi ya bahari shwari. Kusi ikichafuka omo, sehemu ya mbele ya boti, hushushwa kwa trimu, yaani kwa kuinamisha injini, na hakuna anayekumbuka noti 43.

Ikipakia watu sita na tangi kamili, propela ya 21 huipa raundi 4,950, chini ya kitabu. Kwa hiyo safari za familia hufungwa ile ya 19. Kubadilisha ni kazi ya dakika kumi, ufunguo mmoja na kipande cha mbao cha kuzuia panga, mradi shafti imepakwa grisi. Bila grisi chumvi huifanya ishikane hata isitoke.

Uchambuzi

Kipimo kilichopuuzwa tangu siku ya kwanza ni mtelezo wa propela, na hesabu yake inafanyika kwenye simu. Zidisha raundi kwa pichi, gawanya kwa uwiano wa gia, gawanya tena kwa 1,215: unapata noti ambazo propela ingekwenda kama maji yangekuwa mbao na yenyewe skrubu. Raundi 4,700 kwa pichi 19 na gia 1.87 ni noti 39. Boti ilikwenda 33. Mtelezo asilimia 16, juu kidogo lakini si ugonjwa. Maana yake propela ilikuwa inashika maji yake sawasawa; tatizo ni kwamba injini ya farasi 200 haikuweza kuizungusha zaidi. Kwa hiyo ama injini ni dhaifu, ama haipati mafuta, ama boti inaburuta kitu au imebeba kitu. Propela ya 17 haikujibu hata moja kati ya hayo. Ilipunguza mzigo wa kila mzunguko, raundi zikapanda, mtelezo ukabaki asilimia 15, mwendo palepale. Mtu akikwambia "raundi zimekaa sawa" bila kukutajia mwendo, hajakwambia kitu.

Jeki ilikuwa dawa sahihi ya ugonjwa wa kimo, ikapewa ukuta usioweza kuibeba. Injini ya aina hii ina uzito wa kilo 190 hivi. Ikisogezwa nyuma sentimita 15, bolti za juu zinavutwa nje na ukingo wa chini wa jeki unasukumwa ndani, na boti inapotua kutoka kwenye wimbi mvuto huo unarudiwa mara nyingi zaidi ya uzito wenyewe. Nyufa za kimshazari kutoka pembe za juu ndivyo zinavyosomeka. Mzee alikuwa ameshagonga ukuta na kusema. Matundu sita ya milimita 6 yangemaliza ubishi asubuhi ileile, na kuyaziba baadaye ni kazi ya kijiko kimoja cha epoksi.

Je, ukuta mpya ndio ulioleta noti kumi na nusu? Hapana, si peke yake, na hapa kazi nzuri iliharibu ushahidi wake. Povu lenye maji lilitolewa, mpira wa petroli ukapanuliwa, kabureta zikasafishwa na kimo kikasahihishwa kabla ya kipimo chochote kipya. Mpira wa petroli na vali ya tangi vingeweza kubadilishwa wakati boti bado iko majini, kwa gharama ndogo, na kupimwa peke yake. Tunalojua kwa hakika ni yale yaliyopimwa moja moja: kimo kutoka tundu la kwanza hadi la tatu kilileta noti mbili na nusu, na propela ya 21 ikaongeza mbili. Mengine yamechanganyika.

Usukani ulistahili kuwa wa kwanza. Boti yenye V kali ikikimbia sana huweza kuanza kuyumba ubavu hadi ubavu, na nahodha huituliza kwa kusahihisha kidogo na mapema. Akiwa na sentimita 5 za mchezo kwenye gurudumu, sahihisho lake linafika limechelewa na kuzidisha kuyumba. Zile noti 38 za wakati wa jeki zilikimbizwa kwa usukani huo, na kamba ya kuzimia injini ilikuwa imening'inia kwenye swichi bila kufungwa kwa mtu. Sasa hufungwa gotini kabla funguo haijageuzwa.

Suala la kuosha injini linahitaji uangalifu zaidi hapa kuliko vitabu vinavyosema. Maji ya visima vingi kisiwani yana chumvi, na kuisafishia injini dakika 15 kwa maji hayo ni kubadilisha chumvi kwa chumvi. Yaonje kabla ya kuunga mpira. Boti hii huoshwa kwa madumu manne ya maji matamu kwenye pipa, mguu wa injini ukitumbukizwa humo na injini ikiachwa kwenye raundi za chini.

Lililobaki ni trela. Rula ndefu iliyowekwa chini ya tumbo, mita moja na nusu ya mwisho, ilionyesha faiba imebonyea milimita 3 upande wa kushoto, kwa sababu mbao za trela ziliishia sentimita 40 kabla ya tezi na injini ilikuwa ikining'inia hewani miaka yote hiyo. Mbonyeo wa namna hiyo husukuma omo chini boti ikikimbia na kula mwendo. Mbao zimerefushwa hadi chini ya ukuta wa tezi. Mbonyeo utajazwa epoksi na kunyooshwa boti itakapopanda juu kwa ajili ya rangi ya tumbo.